Njia Namba Tatu

Alikuja na simu mbili na buti za kuazima,
Ambindwile, kijana wa Mwanjelwa, mjini Mbeya.
Akasema: Mama, wewe tembea tu kama siku zote,
mimi nipo nyuma, hii itachora yenyewe.

Kama siku zote!
Siku zote natembea na mzigo.
Mikono mitupu sikujua niiweke wapi,
nikarudi ndani kuchukua panga.

Tulianzia nyuma ya ghala la viazi,
umande ungali umelala juu ya pareto,
na Rungwe, ng'ambo, amejifunika shuka hadi kidevuni
kama mgonjwa asiyetaka wageni.

Aliteleza mara mbili kabla hatujaacha mashamba.
Nikamwambia, usikanyage panapong'aa.
Udongo huu uliwahi kuwa moto, haujasahau ujeuri.
Chini yake kuna mawe mepesi kama maandazi,
ukilitupa mtoni linaelea;
watoto huyafanya mashua,
mimi nasugulia visigino.

Hapa panaitwaje? akauliza.

Hapa ni Kituo cha Uongo,
kwa kuwa kila anayepumzika hapa
humwambia mwenzake: tumekaribia.

Akacheka, akaandika. Au nilidhani ameandika.

Na hapa?

Hapa ni Kwa Tusekile.
Alikuwa anashuka kwenda zahanati, mtoto hakusubiri.
Wakamkata kitovu kwa wembe wa kunyolea,
wakamfunga kwenye kanga mbili na koti la mpasua mbao.
Wakamwita Njila, maana yake njia,
na sasa Njila anaendesha bodaboda kule Tunduma,
hatembei hata hatua kumi kwenda dukani.

Pale juu ni Mianzi Inagombana.
Subiri upepo, utasikia mwenyewe.

Tukasubiri. Upepo haukuja.
Yeye akatazama kioo chake:
mita elfu mbili mia tatu na arobaini, alisema,
kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya damu.

Kisha ukaja ule mti mkubwa wa mizizi,
mizizi imekatiza njia ikawa ngazi,
saba, ya nne imelika katikati.
Pale sikusimama.
Nilihamisha panga mkono wa kushoto,
nikahesabu kimya kimya kama nihesabuvyo,
moja, mbili, tatu, nikairuka ya nne.

Mwaka ule mvua ilinyesha hadi Juni.
Anyelwisye alibeba mbao sita, nilisema beba nne.
Tulikuwa tunadaiwa ada.

Hapa je, Mama, hapana jina?

Tembea, nikasema, ukungu unapanda.

Nikageuka kidogo, nikaona kwenye simu yake
mstari wa buluu unapita juu ya ngazi ile
bila kujikwaa.

Ukingoni hatukuona ziwa.
Lipo chini kabisa, Ngozi, ndani ya bakuli lake,
maji yasiyo na mto wa kuyaleta wala wa kuyatoa,
lakini siku hiyo lilikuwa maziwa mgando tu,
meupe, hadi miguuni petu.
Ambindwile akapiga picha ya ukungu.
Akapiga nyingine. Ya tatu akanipiga mimi,
nimeshika panga vibaya, kama mtu wa kukodiwa.
Akanipa elfu kumi na biskuti zilizovunjika,
na wakati wa kushuka hakuuliza kitu,
magoti yalikuwa yanamsemesha.

Juzi wamepita wawili na karatasi ndani ya plastiki.
Mwanamke wao alinisalimia vizuri: Ugonile.
Akaninyooshea ile karatasi. Niliitazama
kama unavyotazama picha ya arusi usiyoalikwa.
Mlima umekuwa michirizi kama kidole gumba cha mpiga kura,
na katikati yake uzi mwekundu:
Njia Na. 3. Ugumu: wastani. Saa mbili na nusu.

Ni hii? akauliza.

Nilikuwa na ndoo kichwani, nikamwonyesha kwa kidevu.
Ni hii.
Wakaondoka, fimbo zao zikigonga, ko, ko, ko.
Walikuwa wameshafika kwenye pareto
nilipowapigia kelele:

Ile ngazi ya nne!

Mwanaume akageuka, akapunga mkono.
Alidhani namuaga.